Kutu kwenye chesesi ya pikapu ya zamani: mwongozo kamili wa kuitoa na kuizuia isirudi

Kila masika yakiisha naulizwa swali lile lile na wenye pikapu: "kaka, mwaka jana tu nimepiga chesesi rangi, mbona inababuka tena?" Nikiinama kuangalia nakuta lami nyeusi inang'aa vizuri tu kwa nje, ukiigusa na bisibisi inabanduka kama ganda la muhogo, na chini yake kutu ipo palepale inaendelea na kazi.

Mimi mwenyewe hilo kosa nimelifanya. Hilux yangu ya 1994, ile ya injini ya 3L, niliipeleka gereji moja hapa Tanga ikapakwa lami nikatembea kifua mbele miaka miwili, siku nimelala chini nabadilisha bushi za springi za nyuma bisibisi ikateleza ikazama kwenye chesesi hadi kwenye mpini. Nilibaki naiangalia tu.

Sasa hapa hatuongelei milango wala bodi la nyuma, hizo ni kazi za fundi rangi na mlango ukiwa na tundu gari bado inatembea. Chesesi ndo imebeba injini, kabini, springi na mzigo wako wote.

Kitu kimoja ukishike kabla hujanunua hata brashi: chesesi ya pikapu nyingi ni boksi, ndani kuna uwazi. Tope, mchanga na maji ya chumvi vinaingia kwenye matundu yake vinakaa humo miezi, na chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo ukiona kidonda kwa nje ujue ndani ugonjwa una siku nyingi, na ukipaka nje peke yake umefunika tu.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kwanza. Chuma kikishasafishwa kikaachwa wazi usiku mmoja tu huku pwani, asubuhi unakikuta kimeshaanza kuwa rangi ya chungwa na kazi yako ya jana imeliwa.

- Jeki na stendi 4 za chuma. Sio matofali, sio mawe, sio rimu.
- Nyundo ndogo, bisibisi bapa la zamani, tochi na sumaku ndogo.
- Brashi ya waya ya mkono, grainda, brashi yake ya kikombe na diski za msasa.
- Mashine ya maji ya presha, ukikosa hosi ndefu yenye nguvu. Na waya mgumu kama wa breki ya baiskeli wa kuchokolea matundu.
- Dizeli lita 2 au 3, sabuni ya unga, matambara mengi.
- Rasti konveta, yaani ile dawa inayogeuza kutu kuwa nyeusi. Lita 1 inatosha chesesi nzima.
- Praima ya epoksi ya vikopo viwili. Ukikosa, redoksaidi ya hadwea.
- Rangi ya juu, na thina inayoendana nayo. Thina ya rangi nyingine inaharibu kila kitu.
- Dawa ya nta ya ndani ya chesesi, yenye mpira mrefu wa kupulizia.
- Maskin tepu, nailoni, miwani ya kazi, barakoa, glavu.

Muda: mtu mmoja asiye na haraka ni siku 4 au 5, sehemu kubwa ni kusubiri vitu vikauke. Kwa sisi wa pwani fanya Januari na Februari au kipindi cha kipupwe, Juni mpaka Septemba. Ukianza Aprili unapigana na mvua.

## Hatua ya 1: Nyanyua gari na ufungue nafasi

Egesha sehemu ngumu iliyosawazika. Nyanyua, weka stendi 4, mbili chini ya eksel ya nyuma na mbili mbele sehemu ngumu ya chesesi. Toa matairi yote. Halafu sukuma gari kwa nguvu kwa bega lako kabla hujaingia chini, kama ni ya kuanguka ianguke wewe ukiwa nje.

Onyo: usiweke stendi sehemu yenye kutu nzito. Inaweza kupenya.

Toa waya wa hasi wa betri. Toa tairi la akiba, madigadi za plastiki na kinga za chini kama zipo. Kama una watu wanne na bolti zinakubali, toa na bodi la nyuma kabisa, kwenye Hilux za zamani bodi limeshikwa na bolti tu, na juu ya chesesi chini ya bodi ndo sehemu ambayo hakuna fundi anaifikia kwa brashi. Bolti zilizogoma zimwagie mafuta ya kulainisha usiku uliopita, ukilazimisha zitakatika na utaanza kazi nyingine ambayo hukuipanga.

Ukimaliza vizuri: unaona chesesi kutoka bampa hadi bampa, na unaweza kuingiza mkono kati ya chesesi na tangi la mafuta.

## Hatua ya 2: Osha kwanza, usikwangue kwanza

Wengi wanaanza na grainda. Ukikwangua juu ya tope na mafuta unayasukumia kwenye vishimo vya chuma, rangi haitashika hapo milele.

Anza na dizeli na brashi sehemu zenye grisi na oili, subiri kama dakika 15, kisha sabuni ya unga na maji mengi. Baada ya hapo nenda kwenye matundu. Chini ya ile mihimili miwili mirefu kuna matundu ya kutolea maji, chokoa kila moja kwa waya mpaka lifunguke, halafu ingiza maji kwa matundu ya juu na ya pembeni uone yanatoka chini. Yangu mara ya kwanza yalitoka matope mekundu kama chai ya rangi, na kutoka upande wa kulia peke yake nilipata mchanga na magamba ya kutu wa kujaza sufuria, na hii ni gari niliyokuwa naiosha kila Jumapili.

Rudia mpaka maji yanatoka meupe. Hata kama ni nusu saa, rudia.

Sasa sikiliza hili, huku kwetu ndo linawamaliza watu: onja maji unayooshea. Visima vingi vya pwani, Dar, Tanga, Bagamoyo, mpaka Zanzibar, maji yake yana chumvi, na kwenye kuosha magari mengi wanatumia hayohayo ya kisima. Unalipia gari lako lipakwe chumvi. Suuza ya mwisho lazima iwe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua uliyokinga.

Baada ya kuosha acha ikauke siku nzima yenye jua na upepo. Ndani inachelewa, ukiwa na blowa ipulizie kwenye matundu. Ukipaka ndani ingali mbichi umefungia maji humo kwa mkono wako.

Ukimaliza vizuri: unaingiza kitambaa kikavu kwenye tundu kwa waya, kinatoka kikavu.

## Hatua ya 3: Gonga, choma, uamue

Hii ndo hatua inayoamua kama unaendelea au unasimama. Usiipitie haraka.

Chukua nyundo ndogo, anza mbele rudi nyuma, gonga kila baada ya upana wa kiganja, juu, pembeni na chini. Chuma kizima kinaita, kina mlio mkali na nyundo inaruka. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti nzito iliyokufa, kama unagonga debe lenye unga, na magamba yanadondoka kwa ndani unayasikia. Kila penye sauti mbovu choma na bisibisi kwa nguvu kabisa. Usiionee huruma, bora uitoboe wewe leo.

Sehemu za kukaa nazo muda mrefu:

- Pale chesesi inapopinda juu ya eksel ya nyuma. Tairi linarusha kila kitu hapo.
- Zilipofungwa springi za nyuma, mbele na nyuma yake.
- Krosmemba, yaani vyuma vinavyokatiza kuunganisha mihimili miwili, hasa iliyo karibu na tangi la mafuta na inayobeba gia boksi, maana tope linakaa juu yake kama kwenye rafu.
- Vikombe vinavyoshika kabini. Ondoa mpira uangalie chini yake.
- Popote vipande viwili vya chuma vimelaliana, kutu ikiingia katikati inavimba na kusukuma vyuma viachane. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo ukiona mshono umevimba kama mkate ujue ndani kumekwisha.

Pitisha na sumaku. Ikigoma kushika mahali ujue mwenye gari wa kwanza alijaza puti akapaka rangi juu. Nimeshaona mpaka sementi.

Sasa amua:

Kutu ya juu juu. Rangi ya chungwa, ukikwangua chuma kinang'aa, bisibisi haiingii. Endelea hatua ya 4.

Kutu ya magamba. Inatoka vipande kama magome ya mti, chini kuna vishimo lakini chuma bado kigumu. Endelea pia, ila jiandae kufanya kazi, na pima unene ukiweza. Chesesi za pikapu hizi kwa kawaida ni milimita 2 mpaka 4 hivi, ikipungua nusu hiyo sio ya rangi tena.

Tundu. Hapa rangi imeshindwa, ni kuchomelea, au ni chesesi nyingine. Kwa kukupa picha: Marekani mwaka 2016 Toyota walikubali kumaliza kesi ya chesesi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza, na kipimo cha kubadilishiwa chesesi kilikuwa tundu la kutu la milimita 10 au zaidi. Ni kama ncha ya kidole chako cha mwisho. Mimi nakitumia kipimo hichohicho kwenye sehemu zinazobeba uzito, tundu la kidole karibu na springi sipaki kitu wala sibebi mzigo.

Na kama umetoboa sehemu tatu nne upande mmoja, au chesesi imeshapinda, mlango wa kabini haufungi vizuri na uwazi kati ya kabini na bodi umekuwa mpana juu kuliko chini, acha kutumia hela. Tafuta chesesi nzima ya mtumba yenye karatasi zake na ufuate taratibu za kubadilisha namba. Inauma lakini viraka vya chesesi iliyooza ni sawa na kushona shuka lililochakaa, unashona hapa linachanika pale.

Piga picha kila kidonda na simu kabla hujagusa. Utazihitaji mwakani.

## Hatua ya 4: Kwangua

Anza na nyundo na bisibisi, toa magamba yote, halafu brashi ya kikombe kwenye grainda, na diski ya msasa penye ugumu. Kona ambazo grainda haifiki ni brashi ya mkono na uvumilivu, hakuna njia ya mkato. Mtu mwenye mashine ya kupiga mchanga akiwa karibu na wewe mlipe, anamaliza kwa saa mbili kazi yako ya siku mbili na anafika kwenye vishimo ambavyo brashi inavipaka mng'aro tu bila kuvisafisha.

Maonyo, na haya sio mapambo:

Grainda inatoa cheche. Usiitumie karibu na tangi au mipira ya mafuta. Kwangua hapo kwa mkono, au shusha tangi kabisa liweke mbali.

Paipu za breki zinapita sambamba na chesesi, nyembamba kama kalamu. Brashi ya kikombe ikiigusa sekunde mbili umeshaila. Zifungue vishikizo uzisogeze, na wakati huohuo zikague, kama nazo zina magamba badilisha.

Nywele za waya za brashi zinaruka kama sindano. Vaa miwani, kila mara. Barakoa pia.

Na usiguse namba ya chesesi. Kwenye Hilux imegongwa kwenye chesesi upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Isafishe kwa kitambaa na dizeli, ikague inasomeka, ibandike maskin tepu. Ukiipitishia grainda utaenda kumweleza trafiki na watu wa TRA kwamba ulikuwa unatoa kutu, na hakuna atakayekuelewa.

Tuache na utani wa kutumia maji ya betri kuondoa kutu. Yanaondoa kweli, halafu yanabaki kwenye mishono yanaendelea kula chuma ukiwa umelala.

Ukimaliza vizuri: hakuna gamba linalotoka ukikwangua na kucha. Kubaki na madoa ya kahawia ndani ya vishimo ni sawa.

## Hatua ya 5: Kuchomelea (kama kuna tundu)

Usijifunzie kwenye chesesi. Mtafute fundi anayechomelea magari makubwa, sio wa mageti, ila wewe usimame hapo umwangalie mambo haya:

1. Betri imetolewa waya zote mbili, na arthi ya mashine inashika karibu na anapochomelea. Vinginevyo umeme unapita kwenye beringi na waya za gari.
2. Tangi limeshushwa na ndoo ya maji au mtungi wa kuzimia moto uko karibu.
3. Chuma kibovu kimekatwa chote mpaka kizima. Kiraka kinachobandikwa juu ya kilichooza kitadondoka na kilichooza chake.
4. Pleti ni ya unene kama wa chesesi au zaidi kidogo, milimita 3 au 4. Bati la nyumba halina kazi hapa.
5. Kiraka kimekatwa ncha mbili kama kashata. Kikiwa cha mraba, mstari wa kuchomelea unaosimama wima unakata chesesi kama unavyochora kioo kabla ya kukivunja, na ufa utaanzia hapo.
6. Kama ni ufa, kwanza anatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, ndo anachomelea.
7. Vijiti vya kuchomelea ni vikavu. Vikilala kwenye unyevu wa pwani vinatoa uchomeleaji wenye vipovu.

Fundi akikwambia "tutaweka kiraka juu afu tupake lami, haionekani", mshukuru uondoke. Ndo alivyoniambia wa kwangu, na kweli haikuonekana.

Ukimaliza vizuri: mstari wa moto umekaa sawa bila vitundu, ukigonga kiraka sauti inaita kama chuma cha pembeni yake. Muulize pia kama ameziba tundu lolote la kutolea maji, wanaziba sana hawa watu.

## Hatua ya 6: Konveta

Rasti konveta nyingi zina asidi ya fosforasi au taniki, inashikana na kutu iliyobaki kwenye vishimo na kuigeuza kitu cheusi kigumu ambacho rangi inaweza kukaa juu yake. Inahitaji kutu nyembamba iliyoshika vizuri. Ukiimwaga juu ya magamba inageuza ngozi ya juu tu.

Mimina kidogo kwenye kopo jingine, usichovye brashi kwenye chupa maana kutu ikiingia dawa yote inaharibika. Paka kivulini, jua kali linaikausha kabla haijafanya kazi. Inaanza kijivu inaishia nyeusi au ya zambarau. Paka ya pili penye vishimo, halafu iache mpaka kesho. Kisha soma kopo: kuna zinazotaka kufutwa kwa maji kabla ya rangi na kuna zisizotaka, na epoksi nyingi haziipendi kabisa asidi iliyobaki.

Sehemu iliyong'aa mpaka chuma cheupe haihitaji konveta. Ipe praima siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Praima na rangi

Futa kila kitu kwa thina na kitambaa safi. Ziba kwa nailoni disk za breki, ngoma, mipira yote, eksozi na nyuzi za bolti.

Praima ya kwanza paka kwa brashi hata kama una kompresa. Brashi inasukuma praima kwenye vishimo, bunduki inapita juu yake tu. Na anza na kingo, mishono, vichwa vya bolti na sehemu zilizochomelewa, zipake peke yake kwanza, halafu ndo upake chesesi nzima. Rangi ikikauka inajivuta ikakimbia ukingo, ndo maana kutu mpya huwa inaanzia pembeni siku zote.

Epoksi ikishachanganywa ina saa chache tu, changanya unayoweza kuimaliza. Redoksaidi ni nafuu na inapatikana kila hadwea, kwa gari ya Dodoma au Mbeya inatosha kabisa, huku kwenye chumvi uvumilivu wake ni mdogo kwa hiyo panga kuirudia.

Kuna watu watakushauri praima ya zinki. Ni nzuri sana, zinki inaliwa yenyewe badala ya chuma, lakini lazima iguse chuma cheupe. Ukiipaka juu ya konveta au kutu umetupa hela, inakuwa rangi ya kawaida ya bei mbaya.

Mikono miwili ya praima, yaani unapaka mara mbili, na miwili ya rangi. Kila mkono uwe na rangi tofauti na uliopita, utaona palipokosa bila kubahatisha. Na ya mwisho mimi naweka kijivu cha mwanga, sio nyeusi. Wenzangu wananicheka, gari inaonekana kama trela la jeshi, ila kidonda kikianza nakiona nikiwa nimesimama. Nyeusi inaficha ugonjwa, na lami inaficha zaidi, ikipasuka maji yanaingia chini yake yanakaa na wewe huoni kitu.

Ukimaliza vizuri: baada ya siku mbili tatu ukucha hauachi alama, na kila tundu la chini bado liko wazi. Chokoa tena kwa waya uhakikishe.

## Hatua ya 8: Ndani ya boksi

Ukiishia hatua ya 7 umefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu inayoonekana.

Weka kopo la nta kwenye ndoo ya maji ya moto dakika 10 ilainike. Moto wenyewe hapana, linalipuka. Ingiza mpira mrefu kwenye tundu mpaka mwisho wa mhimili, bonyeza, uvute nje taratibu huku inapuliza. Fanya hivyo kila tundu, pande zote mbili, na ndani ya krosmemba. Acha inayovuja ivuje kwenye matundu ya chini, ndo dalili imefika. Tandika maboksi chini la sivyo utapata kesi nyumbani.

Nta ukiikosa, oili mpya ya gia iliyochanganywa na grisi kidogo mpaka iwe kama uji mwepesi inafanya kazi, naipuliza kwa bomba dogo la kunyunyizia dawa ya mimea, na hilo bomba lisirudi shambani tena. Inaisha haraka kuliko nta, kwa hiyo ni kila mwaka.

Oili chafu najua utauliza. Inazuia kutu kiasi, ndio, wazee wametumia miaka mingi. Ila ina tindikali na uchafu wa injini, inavimbisha mipira na bushi, inadondoka kwenye ardhi na visima vyetu, na siku ukitaka kupaka rangi haitoki hata uiombe. Mimi situmii.

## Kuizuia baada ya hapo

Kama unabeba samaki hii ndo gharama yako kubwa kuliko dizeli. Barafu ikiyeyuka maji yake yenye chumvi yanapita kwenye bodi yanashuka moja kwa moja juu ya chesesi, kila siku. Weka turubai zito au beseni chini ya makasha, elekeza maji nyuma kwa mpira mbali na chesesi, na uoshe chini jioni ileile. Wanaobeba chumvi yenyewe na mchanga wa baharini ni hivyohivyo.

Ukiingia ufukweni au tairi zikikanyaga maji kwenye kivuko, osha chini kabla ya kulala. Chumvi ikikauka haijaisha, inavuta unyevu wa hewa usiku na kuanza upya.

Gari yoyote kutoka Japani ikague chini kabla ya kulipa, hasa iliyotumika mikoa ya theluji kama Hokkaido, huko barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi. Juu inang'aa, chini ni ya mvuvi.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, chokoa matundu, osha ndani kwa maji baridi, gonga zile sehemu za hatua ya 3 na ulinganishe na zile picha za kwenye simu. Jiwe likibandua rangi gusia siku hiyohiyo, weka kikopo kidogo cha praima nyuma ya siti.

Na masika ya kwanza yakiisha lala chini uangalie matundu ya maji. Michirizi ya nta ya kahawia iliyolainika ni sawa kabisa. Ukikuta mchirizi mwekundu, ingiza mpira wa nta tundu hilohilo siku hiyo, usisubiri la jirani yake.